Mungania Aenda Kubariki

Mungania alijiunga na kikundi cha kuacha pombe kwenye zahanati kule Burat kwa sababu moja tu. Binti yake Kiende alimwambia kwamba akikataa, siku ya mahari baba yake mdogo Mugendi ndiye atakayekalia kiti cha baba na kumbariki. Wakwe walipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, Mungania alilewa akalala mezani, shavu karibu na sufuria ya mukimo. Aibu gani hiyo jamani! Mtoto alilia wiki nzima.

Basi Jumanne wanaume tisa wakaketi kwenye mabenchi wakingoja kuhubiriwa. Sista Saadia, muuguzi ambaye tangu azaliwe hajaonja pombe hata tone, hakuhubiri. Alisema hakuja kumkataza mtu kunywa. Alitaka tu kila mmoja aseme, toka sifuri hadi kumi, yuko tayari kiasi gani kuacha. Wote wakasema kumi. Mlevi habishani na daktari bwana, anakubali yote halafu anapitia kwa mama pima, muuza chang'aa. Akolong, aliyenuka chang'aa ya asubuhi, alisema kumi na moja.

Zamu ya Mungania ilipofika, alikuwa amechoka na uongo. Akasema mbili. Wenzake wakacheka, naye akajiandaa kukaripiwa.

"Mbona si sifuri, mzee?" Saadia akamuuliza taratibu.

Hilo hakulitarajia. Miaka yote watu walimuuliza mbona haachi, na majibu alikuwa nayo tele: kazi ya shamba, kufiwa na mke, marafiki. Sasa anaulizwa juu ya kale kadogo alikobakiwa nako. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba anataka kumbariki mtoto wake akiwa na akili zake. Hakuna aliyecheka.

Jumanne nyingi zikapita. Kuna wiki alianguka akanywa, akarudi akasema. Saadia akamshukuru kwa kusema, wakaendelea.

Siku ya mahari, Kiende alikubali baba akalie kiti chake, ingawa Mugendi aliwekwa ubavuni kama tairi la spea. Wakwe wakaleta kibuyu cha pombe ya asali. Desturi yao Wameru ilikuwa baba apige funda, kisha amtemee binti kidogo viganjani, ndiyo baraka. Mungania akakishika kibuyu. Harufu ile! Alijua tone moja litaita la pili.

Akampa Mugendi. "Onja wewe," akasema. "Mimi nikionja, sitabaki hapa."

Wazee wakanong'ona: baba gani huyu anayesusa baraka? Mungania akainamisha kichwa. Aliona kiti amekitoa kwa mkono wake mwenyewe, na iliuma.

Kiende akainuka. Akampita Mugendi na kibuyu chake, akapiga magoti mbele ya Mungania, akakunjua viganja.

"Baba, nibariki na mate yako tu."

Kinywa cha Mungania kilikuwa kimekauka kwa hofu, na mate hayakuja upesi. Kiende akangoja.