Kipande cha Mkeka Nyuma ya Pipa

Nikisikia harufu ya mkeka mpya wa ukindu, ile harufu ya majani makavu yaliyoshinda juani, huanza kutafuta pa kusimama. Kwenye misiba mie huwa nasimama. Wenzangu wanavua viatu, wanakaa, wananisogezea nafasi, na mie nasema goti linanisumbua. Goti langu zima, mwenzangu. Leo nakwambia wewe kwa sababu niliyepaswa kumwambia kwanza ameshatangulia.

Nilipokuwa na miaka tisa tulipanga vyumba viwili Kiwalani, kwenye nyumba ya Bi Zuhura na mumewe, Mzee Nasoro. Wenye nyumba walikaa upande wa mbele, penye duka lao la mchele na nazi, sie tukakaa upande wa uani. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Newala, na magogo yake ya mpingo aliyapanga pale uani. Wezi walipobeba magogo mawili ndani ya wiki moja, baba akarudi nyumbani na mtoto wa mbwa ndani ya gunia. Alikuwa na rangi ya sukari iliyoungua, madoa meupe mgongoni. Nikamwita Kashata.

Bi Zuhura alimtazama akiwa mlangoni kwake, kanga ameikusanya mkononi isije ikaguswa.

"Baba Vero, kulinda mali yako si vibaya," alisema. "Ila nina mgonjwa ndani, watu wanaingia na kutoka. Uchafu wake nisiukute hapa uani."

"Hutaukuta, mama," baba akajibu. Kisha akalitundika lile gunia kwenye msumari kando ya mlango wetu, akanigeukia. "Vero, huyu ni wako. Samaki mkunje angali mbichi. Akila, mtoe. Akiamka, mtoe, umpeleke kule nje mtaroni. Siku akichafua mbele za watu, anarudi kwenye gunia lake."

Sikuuliza gunia litakwenda wapi. Nililitazama tu, na tangu siku hiyo nikawa nalitazama kila nikipita.

Kesho yake Bi Zuhura akaweka kopo kubwa la udongo mkavu kwenye kizingiti chake. Mama akanieleza kwamba kwao Waislamu mbwa akigusa kitu kwa mate au mkojo, kinaoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mie kopo lile nililichukia. Niliona kama limekaa pale likimsubiri mbwa wangu akosee.

Na alikuwa akikosea. Uani kwetu kote kulikuwa na saruji, na ndege za uwanjani zilipita chini kiasi cha bati kutetemeka. Kila ndege ikipita, Kashata anakojoa pale pale aliposimama. Siku tatu nilifuta kwa sketi yangu ya shule kabla watu hawajaona. Mtaroni nilimpeleka mara mbili tu. Kunanuka, kuna majibwa makubwa, na mie nilikuwaga mvivu, nasema kweli. Nilitaka kucheza kombolela.

Ndipo nikaona mkeka mkuukuu umekunjwa nyuma ya pipa la maji. Ulikuwa wa Mzee Nasoro, aliokuwa akiukalia kuota jua kabla hajazidiwa. Nikachukua kisu cha baba nikakata kipande cha upana wa sinia, nikakitandika huko huko nyuma ya pipa. Siku ya kwanza Kashata alikikojolea kwa bahati tu, nikampa kichwa cha dagaa. Siku ya pili akaenda mwenyewe, akazunguka mara mbili, akachuchumaa, kisha akanitazama akingoja dagaa wake. Haikufika wiki mbili, hata ndege ipite vipi, hatoi tone mpaka akanyage ukindu. Nilikihamisha kile kipande karibu na choo nimjaribu, akakitafuta mpaka akakipata. Nilijiona mwalimu kweli kweli.

Baba akaona uani pakavu. "Unampeleka mtaroni?"

"Ndiyo, baba."

"Hodari," akasema, akanipigapiga kichwani kwa mkono wenye vumbi la mpingo.

Siku zile kikohozi cha Mzee Nasoro kilikuwa kinapungua sauti. Kunguru walianza kukaa ukutani, wanne, watano, wanaangalia ndani tu. Watu wazima waliongea chinichini kwamba mzee aliuficha ugonjwa mpaka hospitali ikawa haina la kufanya. Jioni moja baba, akipiga msasa kinyago, akasema kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nikainuka nikaenda kukaa nyuma ya pipa na Kashata. Nilidhani ananisema mie.

Mzee alifariki Jumatatu. Niliporudi shule nilikuta vijana wa msikitini wanashusha mikeka mabegani, wanaitandika katikati ya ua. Mipya, ya ukindu. Ile harufu ikanipanda puani, na Kashata, aliyekuwa mlangoni kwetu, akaanza kutikisa mkia.

Nilimkamata nikamfunga kwa kamba kwenye gogo la mwisho, nikamwekea kipande chake chini. Jioni mama, akifagia nafasi ya masufuria ya msiba, akakiokota akakitupa kwenye moto wa jiko pamoja na takataka. Nilimwona akifanya hivyo na sikufumbua mdomo.

Siku ya pili Kashata alikataa kukojoa kwenye saruji. Nilimtoa mara moja mtaroni, akanusa tu, akarudi. Usiniulize alijibanaje. Siku ya tatu asubuhi akaanza kulia, kilio chembamba kisichokatika, na wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakaangaliana. Mmoja akasema mbwa akilia msibani huita mtu mwingine. Baba alikuwa amekaa na wanaume. Nikamwendea nikamshika bega.

"Baba."

"Nini, mama?"

Nilitakiwa kusema maneno machache tu: Kashata anakojolea mikeka, nilimfundisha mie. Lakini ningesema hilo ningesema na mtaro, na kisu, na mkeka wa marehemu.

"Hamna kitu," nikasema.

Hitima ilianza saa nne. Watu walikuwa wameinamisha vichwa, mwalimu wa madrasa anasoma, nami nimesimama karibu na pipa nikaona kipande cha kamba kinaburuzika. Kashata alikuwa ameitafuna. Alipita kwenye saruji, akapita kwenye kandambili za watu, asisimame popote, mpaka akafika kwenye mkeka, mbele ya mwalimu. Akazunguka mara mbili. Akachuchumaa. Ulikuwa mkojo wa siku mbili, haukwisha upesi, na kisomo kikanyamaza.

Alipomaliza akanitafuta kwa macho, akaniona, akaja mbio miguuni pangu kudai dagaa wake.

Baba alimwokota pale pale kwenye miguu yangu. "Nisameheni sana, ndugu zangu," aliwaambia watu. "Mbwa huyu hafundishiki." Akalitungua gunia msumarini, akamtia ndani, akaazima baiskeli, akalifunga kwenye keria, akashika njia ya Pugu, kwenye msitu. Alirudi kabla ya magharibi na gunia limekunjwa vizuri, akalitundika mahali pake.

Asubuhi nilimkuta Bi Zuhura uani, macho yamevimba, anaosha ule mkeka mwenyewe. Kopo la udongo lilikuwa kando yake, limebaki nusu.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi mtoto wa mbwa? Simsikii."

"Baba kampeleka msituni."

Mikono yake ikasimama ndani ya maji. "Nani kamwambia ampeleke? Najisi inaoshwa, Vero. Udongo niliuweka wa nini, kama si kwa siku kama hii?"

Nilitazama kopo lile, nikakosa pa kuweka uso. Muda wote nililiogopa, na kumbe yeye alikuwa ameshajiandaa kusamehe tangu siku ya kwanza. Mtu pekee aliyehitaji kuambiwa kitu alikuwa baba, na mie nilikuwa na siku tatu za kumwambia.

Kwa miaka mingi baba aliwasimulia wageni habari ya yule mbwa mjinga aliyetuaibisha msibani. Walicheka, nami niliwaletea maji ya kunywa. Kila mara nilijiambia nitamweleza wakiondoka. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nina watoto wangu, kwamba katika nyumba ile Kashata ndiye aliyefanya kila alichofundishwa, tena kwa kujibana siku mbili.

Baba alipofariki walitandika mikeka mipya. Nilisimama siku zote tatu. Shangazi akaniuliza hilo goti limeanza kunisumbua lini.

"Tangu Kiwalani," nikamwambia.