Siku Niliyokata Shali ya Mama Mkwe

Aibu niliyoipata siku ile kwetu Kanyenye, jamani, haijanitoka mpaka leo, na walioishuhudia wengi wameshatangulia mbele ya haki lakini waliobaki bado wananicheka.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa (miaka mitamu, msinibishie), kina mama kila mtaa na kikundi chao, chetu cha ufumaji, na mwalimu wetu sista mmoja wa misheni, mzungu mpole, Kiswahili chake cha kitabuni. Nilikuwa nimechumbiwa, na mama mkwe alikuwa anakuja kwa treni kutoka Urambo kuniona (tusidanganyane, kunikagua), nami nikajigamba nitamfumia shali ya rangi mbili, yenye maua. Tulifuma kwa kuzunguka, likatoka bomba refu kama mguu wa suruali, ambalo mwishoni unalikata kwa mkasi juu hadi chini, lifunguke liwe shali. Siku ya kufundishwa kukata nilitoka mapema kuwahi foleni ya sukari, nikamsikia Sista nikiwa mlangoni: "Kabla ya kukata, fungeni pande zote mbili!"

Ningerudi kuuliza ningepungukiwa nini? Lakini kiburi cha usichana, tena kwetu ukisema kufunga ni swaumu, na Sista mwenyewe alikuwa kwenye Kwaresima yake. Na pande mbili za mchumba ni zipi, kama si kwetu na kwa bwana harusi? Mama akasema ni jambo la heri, tukapeleka ujumbe Urambo kwamba nitaikata siku atakayofika mama mkwe, na siku hiyo wote wakafunga.

Alasiri mama mkwe akafika, midomo imemkauka (msafiri ana ruhusa ya kula, lakini alikataa kutuangusha), wanawake wamejaa uani, Sista nimemwalika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, kata tuone."

Nikapiga bismillahi, nikakata. Uzi ukaanza kuachia, nashika huku unachomoka kule, maua yote yanafumuka mikononi mwangu. Sista akaruka: "Hukufunga?"

"Tumefunga, Sista! Pande zote mbili, tangu alfajiri!"

Masikini, alikuwa na maana ya kupitisha cherehani kila upande wa mstari wa kukatia, ili nyuzi zishikane. Uani kukalipuka kwa vicheko, mimi nalia, maana niliona ndoa ndiyo hiyo inakwenda.

Mama mkwe hakucheka. "Kwa hiyo nimeshinda na njaa kwa ajili ya cherehani?"

Akanyoosha mikono yote miwili. "Njoo tukunje uzi. Magharibi bado, tutafanya nini kingine?" Tukakunja mpaka adhana, akanywa uji, akamgeukia mama yangu: "Huyu namchukua. Ila mkasi ubaki huku huku."

Mungu amrehemu, namkumbuka mno yule mama. Nami niliapa: mtu akiniambia neno, hata liwe jepesi vipi, lazima nimuulize ana maana gani. Mume wangu anasema nachosha. Na achoke.