Nitalala ku Maurice

Binti niliyempenda alipoondoka Durban kwenda Ngazija kumtembelea dada yake aliyeolewa huko, nilikuwa nimeshamwomba anioe, maana kwetu Tanga ukichelewa kusema unachekwa. Nimekosea: nilimwomba nimuoe. Hata leo nikikumbuka maneno yananipotea. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

"Acha kwanza niongee na grande sœur," alisema. "Nikirudia, nitakujibu."

Yeye Mkongo wa Bukavu, mwanafunzi wa chuo kule Westville. Mimi fundi simu karibu na soko la Warwick. Wiki tatu nilitengeneza simu za watu huku yangu naichungulia kila dakika.

Na safari za visiwa vile usizichezee. Ndege ni chache. Ikikupita leo, hujui utaondoka lini. Tiketi yake ilikuwa ya kupitia Nairobi, afike Ijumaa mchana. Alhamisi asubuhi akanipigia. Sauti ilikuwa inakatikakatika, nikaambulia haya tu:

"Avion iko na panne... leo nitalala ku Maurice... kesho niko Durban."

Simu ikakatika.

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Tena nilijivunia kukijua Kiswahili cha Wakongo. Kwao kila kitu ni "ku": ku soko, ku kanisa, ku mama. Nikatafsiri haraka: ndege imeharibika, atalala kwa Maurice. Maurice ndiye nani? Nikamwona kabisa, mrefu, ana suti, ana gari. Nikamrudishia mteja simu ambayo haikuwa yake.

Mama wa saluni ya jirani, Mkongo mtu mzima, akaniuliza kulikoni. Nilipomweleza, alicheka mpaka akashika ukuta.

"We mwanangu! Maurice haiko mutu. Iko inchi! Ni kisiwa. Wanamupitisha kule sababu avion yake imeharibika."

"Mauritius?"

"Njo hiyo! Eish, wivu itakuua."

Aibu ilinishika, lakini furaha iliishinda. Nikamkimbilia yule mteja mtaani, nikambadilishia simu, nikamwongezea na kava bure. Jioni nilipiga shati pasi mara mbili.

Ijumaa nilifika uwanja mpya wa ndege saa nne asubuhi, na ndege ya Mauritius ilikuwa inatua saa tisa. Mwenye kiu hachagui maji, nami sikuchagua kiti: nilisimama. Nilisoma ubao wa ndege mpaka nikaujua kwa moyo. Kila mstari wa Mauritius ulipopanda hatua moja, nilizunguka nguzo iliyokuwa karibu. Mlinzi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nasubiri jibu, akadhani nimeomba kazi, akanitakia heri.

Hatimaye ubao ukaandika kwamba imetua. Wakaanza kutoka watalii wa kofia za ukili, watoto waliochomwa na jua, wazee wa Kihindi na maboksi yao. Nilimchukia kila mmoja kwa sababu hakuwa yeye. Halafu akatokea, kitambaa kichwani, anasukuma toroli yenye gurudumu bovu, anacheka. Salamu zote nilizopanga zikayeyuka.

"Dada amesemaje?" niliuliza.

"Bonjour kwanza!"

"Bonjour. Dada amesemaje?"

Akasimamisha toroli katikati ya njia, watu wakatuzunguka wakinung'unika. Akatoa simu, akabonyeza, akangoja, kisha akaniwekea sikioni. Ikaita mara nyingi sana. Mwishowe ikapokelewa, na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikaja kutoka mbali, changamfu:

"Allô, shemeki? Amekufikia muzuri?"

Shemeki! Mimi! Niliishika simu kwa mikono miwili nimwitikie shemeji yangu. Mwenyewe akaichukua simu mkononi mwangu, akanitazama usoni, akaanza kucheka.

"Dada," alisema, "shemeki yako analia."