Koko Amekuja Kuchukua Mtoto Mmoja

Mimi na Solange tunakaa parseli moja hapa Butembo. Nyumba zetu mbili zinatazamana, jiko ni la pamoja, na kamba ya kuanikia nguo ni moja, ambayo inatugombanisha kila Jumamosi. Kwa hiyo nikisema ninayajua mambo yao, msinione mmbeya. Ukiwa unasonga bugali na mwenzako anaongea na mama mkwe wake hapo hapo kando ya moto wako, utaziba masikio kwa kitu gani, na mikono yote miwili iko kwenye mwiko?

Solange ni mkaanga mikate. Simaanishi mikate ya duka la mkate, ni ile midogo ya duara inayozama kwenye mafuta na kupanda juu ikiwa myekundu. Anaiuza kwenye njia panda kwa wanafunzi na wanaume wa moto, hizi pikipiki za kubeba abiria. Mume wake, Lusenge, anakausha kakao kwenye depo ya mfanyabiashara mmoja huko Oicha. Anarudi mwisho wa mwezi, barabara ikikubali. Watoto ni watatu: Gérard ana miaka tisa, Élise ana sita, na Jemima anakaribia mitatu.

Asubuhi ya nyumba ile ilikuwa hivi. Kabla jua halijapanda juu ya mlima, na baridi yetu hii inayomfanya mtu aombe sweta hata mwezi wa saba wa kiangazi, Gérard alikuwa amesharudi na bidoni ya maji kutoka chemchemi. Anawasha makaa. Anamfunga Jemima mgongoni kwa kikwembe cha mama yake, kwa sababu Jemima akiamka bila kuona mtu wa kumshika, parseli nzima inaamka pamoja naye. Solange wakati huo mikono yake imejaa unga mpaka kwenye viwiko, anapiga kelele tu: Gérard, chumvi! Gérard, mtoto! Gérard, angalia mafuta! Na yule kijana anafanya vyote, kisha anavaa shati lake jeupe na kukimbia shuleni huku anatafuna.

Na Élise? Élise yupo. Amevaa, amekula, ameketi, amekwenda shule. Ukimuuliza Solange habari za watoto, atakuambia Gérard amekuwa wa pili darasani na Jemima alikohoa usiku. Habari za Élise zilikuwa kwamba hasumbui.

Basi mwezi uliopita akaja Koko Kavugho, bibi yao, mama yake Lusenge, kutoka Vuhovi. Alishuka kwenye moto akiwa na kapu la avoka na kuku aliyefungwa miguu, na kabla hajanywa maji akasema kilichomleta. Mjukuu wake Audrey, aliyekuwa akikaa naye tangu utotoni, alikuwa ameolewa.

"Mama Gérard, nimekuya juu ya mutoto," alisema. "Nyumba iko kimya sana. Jioni ninaongea na sufuria."

Solange akajibu, "Karibu, mama. Pumzika kwanza." Mwanamke wa kwetu akimwambia mama mkwe wake apumzike kwanza, jua kwamba amekataa.

Lakini jambo lenyewe si la kukataa. Kwetu bibi mwenye wajukuu hakai peke yake nyumbani. Anapewa mtoto mmoja, wa kumwashia moto, wa kumletea maji, wa kukimbilia kwa jirani siku akiugua. Mtoto huyo anakulia kule, anasomea kule, na likizo anakuja kwa mama yake kama mgeni. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo na sikufa, ingawa mpaka leo nikiwa kwa mama yangu sijui vijiko viko wapi.

Solange akampigia mume wake. Lusenge, huko Oicha, akasema, "Mama achukue mwenye anataka," kama mtu anayegawa avoka. Nilimwona Solange akiitazama ile simu, halafu akiyatazama mafuta yaliyokuwa yakichemka, na kwa kweli niliihurumia simu.

Koko hakuwa na haraka. Alikaa karibu wiki nzima, akimenya viazi na kutazama watoto. Solange alimzungukazunguka akitetea kama kuku mwenye vifaranga. Jioni moja wakafikia penyewe, na mimi hapo hapo na mwiko wangu.

"Gérard njo mukono yangu, mama," Solange alisema. "Akitoka, mikate itabakia unga. Nani atachota maji? Nani atabeba mutoto?"

"Sawa," Koko akasema.

"Na Jemima bado mudogo. Atalia mupaka atatapika. Huyu njo roho yangu, hata ku choo ananifwata."

"Sawa. Donc, ni Élise."

Niliuona uso wa Solange ukitulia. Niseme ukweli, sikuupenda ule utulivu. Ulikuwa wa mtu aliyeogopa kupoteza vitu viwili na akaambiwa atapoteza cha tatu. Hata hivyo na mimi nikatia neno langu, kwamba Élise ni mtoto mzuri, hasumbui. Élise mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda akipukuchua maharage. Aliendelea kupukuchua. Hakuna aliyemuuliza chochote.

Ijumaa jioni, siku moja kabla ya safari, Koko alivuta kigoda karibu na Solange.

"Sasa uniambie tabia ya mutoto. Mi njo nitaishi naye. Kitu gani hapana kula?"

"Eh, huyu anakulaka byote, mama."

"Anaogopaka nini?"

"Mbwa," Solange akasema mara moja.

Kutoka nje sauti ya Gérard ikaingia: "Mimi njo ninaogopaka mbwa!"

Nilicheka. Nilikuwa peke yangu katika kucheka, nikaacha.

"Na akigonjwa," Koko akaendelea, "inaanziaka wapi? Tumbo? Kichwa?"

"Inaanziaka ku masikio. Anayashika, analia..." Solange akajirudi. "Hapana. Ile ni Jemima."

"Mi hapana uliza Jemima."

Koko hakusema kwa ubaya. Alikuwa anataka tu kujua, kwa sababu Vuhovi zahanati iko mbali na yeye miguu yake imechoka. Akasubiri. Solange alikuwa anatafuta, nilimwona akitafuta, kama mtu anayepapasa rafu gizani akijua hakika kwamba aliweka kitu pale. Koko akageuka upande wangu.

"Na wewe, Mama Vagheni? Munakaa parseli moja."

Nilisonga bugali ambayo ilikuwa imeshaiva zamani.

Baadaye kidogo Solange alimwita Élise akamwosha miguu kwenye beseni, kazi ambayo siku zote ilikuwa ya Gérard. Alimsugua taratibu, kidole kwa kidole. Mtoto alikaa wima, mikono magotini, kama yuko kwa daktari.

"Élise," mama yake akamwambia, "unaogopaka nini?"

Élise akautazama mguu wake mmoja, kisha mwingine.

"Nimefanya nini?" akauliza.

"Hapana, hujafanya kitu. Ninauliza tu."

"Sitarudia, mama," alisema Élise.

Solange alimfuta miguu, akamwaga maji, akaenda nyuma ya nyumba, pale tunapotupa majivu. Alilia huko. Mimi ni mtu wa kuingilia, kila mtu anajua, lakini siku ile nilimwacha. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, na sijui nilikuwa nakasirika kwa niaba ya nani, maana hata mimi mtoto huyu anapita mlangoni kwangu mara ishirini kwa siku.

Jumamosi asubuhi moto ilikuja, ikasimama mlangoni ikinguruma. Koko alikuwa amefunga kilemba chake. Solange akatoka ndani na begi la shule la Gérard, limejaa nguo, na nyuma yake Gérard mwenyewe, amevaa viatu vya kwenda misa, macho yamemtoka kwa furaha.

"Chukua huyu, mama," Solange akasema.

Koko alimtazama yule kijana, akamtazama mkwe wake. "Ulisema ye njo mukono yako."

"Ndiyo. Ninakupatia mukono."

"Mais bila yeye hautakaanga."

"Nitakaanga kidogo." Alikuwa ameushika ule mkanda wa begi utadhani ndiye anayesafiri. "Gérard ninamujua, mama. Hapana kula mboga ya dongodongo. Anaogopa mbwa. Akigonjwa ni kichwa, na ukimwekea kitambaa ya baridi analala. Huyu ninaweza kumupa mutu. Élise hapana. Siwezi kutoa mutoto mwenye sijamujua."

Koko akamshika Solange shavuni kwa kiganja chake kizima. "Wasingya," alimshukuru kwa Kinande. Gérard alikuwa ameshapanda, katikati ya dereva na nafasi ya bibi yake. Aliuliza kama mti wa avoka wa Koko bado una lile tawi la kukalia. Hakulia hata kidogo, na hilo nalo lilimchoma mama yake, lakini ndivyo walivyo wavulana wa miaka tisa wakiona moto.

Ilipokwisha kushuka bonde na vumbi jekundu kutulia, ndipo tulipomwona Élise. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Kichwani alikuwa na furushi dogo, kikwembe cha zamani kilichofungwa fundo. Mkononi alishika kandambili zake zisichafuke njiani. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba mambo yamebadilika.

Alituangalia mimi na mama yake. Akalishusha furushi, akapiga magoti, akafungua fundo kwa meno kwa sababu lilikuwa limekaza. Akatoa gauni lake moja, akaingia nalo ndani. Akarudi kuchukua sweta. Solange alisimama na Jemima anayelia kiunoni.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya, nisiwadanganye. Mikate iliungua, au ilichelewa wakati wanafunzi wameshapita. Maji yaliisha katikati ya kazi. Jemima aliamka na kupiga yowe bila mgongo wa kaka yake, nami nilimbeba huku nikiwanung'unikia wote, hata marehemu baba mkwe wa Solange. Wateja wawili watatu wakahamia kwa mama mwingine ng'ambo ya barabara. Lusenge alipiga simu akauliza kama mke wake amepata wazimu. Solange akamwambia ndiyo, na arudi aone.

Jumatano alasiri nilimwacha Jemima kwa binti yangu, tukaenda kuchota maji: Solange na bidoni kubwa, Élise na kibidoni cha mafuta kilichooshwa, na mimi nyuma yao. Kupanda kutoka chemchemi ni mlima, na mvua ilikuwa imeulainisha udongo. Solange alikuwa anatweta. Ghafla akauliza, bila kugeuka:

"Élise, ulitaka kwenda kwa Koko?"

"Ndiyo."

Hata hakufikiri. Solange alipiga hatua chache kabla ya kuuliza tena.

"Juu ya nini?"

"Ile siku Koko alilala na sisi, Gérard akalala ku viti ya salon. Nililala ku ukuta." Élise alihamisha kibidoni kwenda mkono wa pili. "Siku yote ninalalaka mu katikati. Gérard anavuta blanketi, Jemima anavuta blanketi. Mi sina upande."

"Hukuniambia."

"Nilisema. Ulikuwa unakaanga."

Solange alisimama, akaitua bidoni yake kwenye tope, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Sasa Gérard ameenda. Ukuta iko yako. Bado unataka kwenda kwa Koko?"

Safari hii Élise alifikiri. Alimtazama mama yake usoni kwa muda mrefu, nywele zenye unga, macho mekundu ya moshi, kama mtu anayechagua nyanya sokoni na hana haja ya kumfurahisha muuzaji.

"Sijue," akasema. "Acha nikuone kwanza."

Solange hakucheka wala hakulia. Alibaki amechuchumaa pale pale, mikono magotini, akijiacha atazamwe.

"Sawa," akamwambia. "Niangalie."