Kopi Orijino Yamchanganya Fundi wa Nchiru

Saa tatu asubuhi, Nchiru. Naftaly Mutwiri, fundi wa magitaa, ameinamia gitaa la besi, wembe mkononi, kama kinyozi aliyesahau mteja alitaka staili gani. Ananyoosha mkono, anaurudisha.

Kwenye kichwa cha gitaa kuna jina la kiwanda cha Japani ambalo hapa halijulikani na yeyote. Kwaya moja ya Mitunguu, wenye gitaa, wanataka lifutwe na libandikwe jina maarufu la Kimarekani. Jumapili wanakaribisha kwaya za wageni, na hawataki aibu.

Kazi hiyo Mutwiri, 46, ameifanya miaka kumi na tisa. Humlipa shilingi mia tano, zaidi hata ya kubadilisha nyuzi.

"Mteja anataka jina. Sauti ataisikia baadaye," anasema.

Utani huo ulimwishia wiki jana, Gladys Wanjira alipoingia kibandani. Ni mwalimu wa muziki kutoka Embu, na hukusanya magitaa ya zamani.

"Hii ni kopi orijino," alisema alipoliona gitaa la kwaya, macho yakimtoka.

"Madam, chagua moja. Ni kopi ama ni orijino?"

"Ni kopi ya gitaa la Kimarekani, Wajapani waliitengeneza miaka ya sabini. Siku hizi watu wanaisaka kuliko mpya yenye jina kubwa. Lakini ukifuta hilo jina, umeiua."

Mutwiri alitafuta kiti. Ameshafuta majina mangapi? Hata la gitaa lake mwenyewe alilifuta. Mpaka leo hajui ni la kiwanda gani.

"Nafuta ukweli, nabandika uongo, naambiwa asante fundi," anasema. "Sasa feki ni nani? Gitaa ama mimi?"

Anaweka wembe chini, anampigia simu Cicily Nkirote, mwenyekiti wa kwaya.

"Mama, hili jina tuliache."

"Wageni watuone na feki?"

"Ni feki ya ukweli, mama."

"Fundi, wewe umekunywa chai leo?" anauliza. "Kuja Jumamosi ulicheze mbele ya kamati. Wakikataa unabandika, ama tupeleke kwa fundi mwingine."

Wateja wake karibu wote ni kwaya, na kwaya huambiana. Akimpoteza Cicily, hajui atawapoteza wangapi. Bado ataenda.

"Nikianza na maelezo watachanganyikiwa, maana hata mimi bado sijaelewa vizuri," anasema. "Nitacheza tu, polepole, wasikie. Wakikataa, walichukue na jina lake. Atakayelifuta asiwe mimi."