Mkasi wa Fundi Kesho

Mama mdogo wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima humwita Fundi Kesho. Hapendi, ila huitika.

Ng'ambo ya barabara yuko fundi mwingine, Chapuchapu. Walijifunza kushona pamoja, benchi moja. Sasa mlangoni kwa Chapuchapu watu hupanga foleni, na mama mdogo hukaa dirishani akiwatazama. "Yule mwenye kilemba alikuwa mteja wangu," husema. "Na yule. Hata yule!" Kijicho kimemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hata mimi huumia. Cherehani ya kule hainyamazi.

Jumatatu aliingia mwalimu. Wiki tatu nyuma alileta kitambaa cha gauni la harusi ya bintiye. Kilikuwa kwenye rafu, kimekunjwa vilevile.

"Fundi, harusi Jumamosi. Keshokutwa nikikuta hujakata, nakivusha barabara."

"Usiwe na shaka, mwalimu. Kesho asubuhi na mapema."

Jumanne akatia cherehani mafuta. Akanoa mkasi. Akafagia nyuzi, akapanga vifungo kwa rangi. Akachora kitambaa kwa chaki, akafuta, akachora tena. Mvivu hafanyi yote hayo. Nikajua anaogopa kukata. Ukishona vibaya utafumua. Ukikata vibaya, umekata.

"Mama mdogo," nikasema, "mwenzio naye huharibu."

Akageuka upesi. "Nani kakwambia?"

"Matambara yake ya deki, nayaona yakianikwa. Juzi lilikuwepo la kijani, jipya kabisa. Leo kuna gauni la kijani limetoka, limeungwa kipande kiunoni."

"Kumbe!"

"Ila yeye hukosea mapema. Wewe ukikosea Ijumaa jioni, utarekebisha lini?"

Akacheka kile kicheko cha kupata habari tamu ya jirani. Akashika mkasi. "Nianze na mkono mmoja tu. Nikiuharibu, siku ninazo."

Akauharibu kweli, mfupi kwa vidole viwili. Akautazama, akatazama ng'ambo, akakata kipande cha kuungia. Kisha mkono wa pili. Kisha kiwiliwili chote, bila kuinua kichwa.

Jumatano mwalimu akakuta gauni limeshikizwa, linasubiri kujaribiwa, mikono yote imeungiwa mapindo mapana.

"Mapindo mazuri haya! Umeyatoa wapi?"

"Ndio mtindo, mwalimu."

Ng'ambo, Chapuchapu alikuwa amesimama mlangoni, shingo kairefusha.

"Hebu lisogeze dirishani," mama mdogo akaninong'oneza. "Aone vizuri."