Mvua ya Wastani Iliyomchukua Mwajuma

Usiku ule nililala bila kula. Chakula kilikuwepo, ila nilikifunika kikabaki. Mchana wake tulikuwa na mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa shule, na Hamisi wangu alinyoosha mkono mbele ya watu wote kuomba kiwanja korongoni.

Korongo letu ni mto wa mchanga. Karibu mwaka mzima unavuka bila kulowesha unyayo, mbuzi wanalala humo, na ukifukua mchanga unapata maji ya kunywa. Udongo wa kando yake ni mweusi, mtama unaota humo kama umesukumwa. Na humo ndimo alimokufa mama yake Hamisi, Mwajuma, mke mwenzangu, pamoja na binti yake Asha aliyekuwa bado ananyonya.

Waliomuua nitawataja, maana mwingine wa kuwataja simwoni. Mwenyekiti Kidunda. Bwana shamba Chilewa. Walikuja Hamisi akiwa bado mtoto, wakatundika karatasi kubwa yenye nguzo zilizopakwa rangi. Nguzo ndefu ya kwanza, wakasema, ni mvua ya wastani ya zamani, tangu enzi za baba zetu. Zilizofuata ni mvua za miaka ya karibuni, zilizosomwa kwenye kipima mvua cha shuleni, kila moja fupi kuliko iliyotangulia, kama watoto wamepangwa mstarini.

"Mvua imetukimbia, ndugu zangu," akasema Chilewa. "Huu mto haurudi tena. Limeni humo, jengeni humo."

Kidunda akagawa viwanja. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, lakini kirefu na kifupi navijua. Nikaamini. Tukahamia mimi na Mwajuma na watoto wake, mume wetu akiwa ameshatangulia mbele ya haki.

Mto ukarudi. Mwajuma alinipandishia Hamisi juu ya paa nilipokuwa nimening'inia, akageuka kumfuata Asha ndani. Sikumwona tena akiwa hai. Siku ya mazishi Chilewa alisimama na viatu vyake visivyo na tope akatuambia kwamba kipima mvua cha pale shuleni kinaonyesha mvua ile ilikuwa ya wastani tu, ya kawaida kabisa, sema nyumba zetu ndizo zilikuwa mbovu. Mvua ya kawaida! Mvua iliyong'oa daraja la barabarani ikalilaza kifudifudi!

Sasa karatasi imerudi ukutani, imeongezwa nguzo nyingine fupi. Kidunda yuleyule, Chilewa yuleyule, tumbo tu ndilo limekua. Nilisimama mkutanoni nizungumze.

"Bi Zuhura, kaa mama, kaa," Kidunda akanikata. "Kila mkutano unatuletea matanga yako."

Watu wakacheka. Hamisi akaangalia chini. Kisha rasharasha ikaanza, tukakimbilia wote chini ya mwarobaini mkubwa ulio pembeni ya uwanja, tukabanana hapo na watoto na viti na kile kipima mvua juu ya gogo lake.

"Mnaona wenyewe?" Kidunda akasema akijipapasa bega. "Hii ndiyo mvua ya siku hizi. Hata shati halilowi."

Wakacheka tena.

Nyumbani Hamisi hakutaka kunitazama. Amekuwa mtu mzima, ana mke wake Rehema, ana kitoto cha kike alichokiita Asha. Alikuwa anakunja kamba za kufungia mabati.

"Mama mkubwa, asubuhi nahama. Usinililie."

"Silii."

"Na usiote."

"Kuota nini?"

"Kila nikitaka kufanya jambo langu, wewe unamwota mama. Nilipotaka pikipiki, ukamwota. Nilipomposa Rehema, ukamwota, eti anauliza kama anajua kusonga ugali." Akacheka. "Mwache marehemu alale, na mimi uniache."

Ndiyo maana nilikiacha chakula nikaenda kulala. Sikutaka kumwota. Nilijua nikimwota nitakuwa nimejiharibia mwenyewe.

Nikamwota.

Nilikuwa kwenye jiko letu la zamani, lile la korongoni. Mwajuma alikuwa amekaa kwenye kigoda anapepeta uwele. Kanga yake kavu, nywele kavu, miguu ina vumbi. Hakunisalimia. Enzi za uhai wake pia hakuwa akinisalimia wa kwanza.

"Bi mkubwa," akasema bila kuinua macho, "bado unapika uji wa kuogea?"

"Na wewe bado una mdomo," nikamjibu.

Akatabasamu upande mmoja, vilevile kama zamani. Nikasogea nimshike mkono. Mkono ulikuwa ungo. Pumba zikapeperuka, na pale zilipoanguka pakawa uwanja wa shule.

Mvua inanyesha. Naisikia kila mahali lakini simwoni anayeloa. Wafu wa kijiji wamepanga foleni kama wanasubiri maji ya bomba, na kila mmoja ameshika chombo. Nawajua. Nauliza wamebeba nini, na Mwajuma yuko pembeni yangu tena, ananiambia taratibu, "Kila mtu amebeba mvua ya mwaka aliokufa."

Wa mbele ni babu yangu, aliyekufa kwenye njaa wakati mimi bado nabebwa mgongoni. Ameshika kata ya kibuyu. Ndani yake mna unyevu tu, kama kata iliyotoka kuoshwa. Nyuma yake wengine, ndoo nusu, chungu kilichojaa, debe lina vidole vichache vya maji. Mwisho kabisa ni beseni la Mwajuma, lile jeupe lenye maua mekundu. Linafurika. Linafurika na haliishi, maji yanamshuka kwenye mikono na bado yanatoka.

Chilewa yuko hapo. Hajafa, lakini yuko, amevaa viatu vyake. Anasema wote wamimine kwenye pipa. Wanamimina. Kisha anachota kikombe kimoja kimoja, anawagawia sawasawa, na kila anapotoa anasema, "Wastani. Wastani. Wastani."

Babu yangu anakitazama kikombe chake muda mrefu.

"Haya ningeyapata siku zile," anasema, "ningemlea huyu mjukuu."

Mwajuma anakitazama chake.

"Na mimi ningeletewa haya tu," anasema, "ningemlea yule mwanangu."

Hakuna anayekunywa. Wanaviweka vikombe chini mmoja mmoja, na nataka kupiga kelele, nataka kumshika Chilewa shingo, lakini koo langu lina mchanga. Nafukua mchanga kooni kwa vidole kama tunavyofukua korongoni, na maji hayaji.

Sasa tuko chini ya mwarobaini. Ni mdogo. Unanifika kiunoni. Mwalimu Mkuu Sospeta, yule wa zamani, anaumwagilia kwa kopo, na sisi sote tumesimama tunapiga makofi. Siku hiyo naikumbuka, ilikuwepo kweli. Walikuwa wamesimika kipima mvua katikati ya uwanja, mahali peupe, na wazee wakasikitika kuona maji yanaachwa juani. Huku kwetu mtungi unawekwa kivulini, ndoo inafunikwa, hata maji ya kuku yanatafutiwa ukuta. Mtoto akiacha maji juani anachapwa. Basi Mwalimu Sospeta akaona aibu, akapanda mti karibu yake, ili maji ya kipimo yasikauke na jua. Tulimshangilia. Tulisema, huyu ni mtu aliyelelewa.

Mti unakua huku natazama. Unanipita kifua. Unanipita kichwa. Tawi linatoka, linanyooka, linapita juu ya kipima mvua kama mama anayemfunika mtoto usoni. Lingine linatoka. Kila tawi likitoka, nguzo moja fupi inasimama chini, yenye rangi, na inayofuata ni fupi zaidi. Nje ya kivuli mvua inamwagika, udongo unachemka, watoto wanakimbia na vitabu kichwani. Chini ya mti tumesimama wakavu. Tone moja linaanguka kutoka kwenye jani, linaingia kwenye kipimo. Chilewa anainama kulisoma, anaandika, anaridhika.

Mwajuma ananigeukia. Uso wake uko karibu sana.

"Niangalie," anasema. "Nimekufa kwa maji na nimesimama pakavu."

Nikaelewa. Jana tu nilisimama hapahapa, nikasikia watu wanacheka, nikawa mkavu pamoja nao, na sikuona.

"Wao ndio," namwambia, na sasa sauti inatoka, inatoka nyingi. "Mwajuma, ni wao, ni Kidunda, ni Chilewa, walitusomea maji ya kivulini wakatuambia ndiyo mvua, wakakuua wakasema nyumba yako mbovu, na Sospeta na mti wake, na sisi na makofi yetu, wote…"

Ananiacha niseme. Zamani hakuwahi kuniacha niseme mpaka mwisho.

Na tumeshafika. Ni nyumba mpya, mabati yanang'aa, korongoni, palepale. Mlango upo wazi. Hamisi amelala chali, Rehema amelala ubavu, kitoto kiko katikati yao kimeshika kidole cha baba yake. Sakafu ni mchanga. Mchanga unaloa kutoka chini, polepole, unakuwa mweusi. Namwita Hamisi. Namtikisa bega, bega ni la moto, la mtu mzima, halitikisiki. Nataka kukichukua kitoto lakini mikono yangu imeshikilia paa, tangu siku ile bado imeshikilia paa, siwezi kuiachia.

Mwajuma hasogei kitandani. Anasimama mlangoni, ndani haingii. Hapa ndipo anaponiuliza, sauti ya chini kabisa, haina hasira wala dhihaka.

"Mwanangu unamlaza wapi?"

"Si mimi, mke mwenzangu. Wallahi si mimi. Ni Kidunda amempa…"

"Majina yao nimeyasikia. Nimekuuliza wewe."

Anainyoosha mikono, ananipa beseni lake. Ni tupu, jepesi, kavu.

"Liweke mahali peupe," anasema. "Na lako weka kivulini."

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Mto wa kichwani ulikuwa umelowa, wala sijui kama ni jasho. Juu ya bati nikasikia matone, moja, kimya, mawili, kimya, kama mtu anayebisha hodi na hana uhakika kama kuna watu.

Mabeseni yapo mawili. Mume wetu alikuwa mcha Mungu, kila alichomnunulia mmoja alimnunulia na mwenzake, dukani hapohapo, kipimo kilekile, maua yaleyale, ili tusigombane. Tukagombana tu. La Mwajuma lilikutwa baada ya mafuriko limenasa juu kwenye matawi ya mgunga, juu kuliko anavyofika mtu aliyesimama begani kwa mwenzake. Mvua ya wastani ililifikisha huko. Nimelitundika ukutani tangu siku ile, sijawahi kulinawia.

Nikayashusha yote mawili nikatoka.

Hamisi alikuwa uani anafunga punda kwenye mkokoteni. Mabati yalikuwa yameshapangwa, mlango umelazwa juu yake, Rehema amesimama kibarazani na kitoto mgongoni amekifunika kichwa kwa kanga. Hamisi aliponiona na mabeseni, akaacha kamba.

"Mama mkubwa, tafadhali. Usiniambie umeota."

"Sikuambii."

"Haya."

"Nakuomba mabega yako mpaka shuleni, basi. Na punda uje naye, ni njiani."

"Tukafanye nini shuleni?"

"Hili tuliweke katikati ya uwanja, mahali peupe. Hili langu tuliweke chini ya mwarobaini, pembeni ya kile kipimo cha Chilewa. Halafu tukae tusubiri hii mvua ikatike. Mabeseni ni mapacha, wewe mwenyewe umeogeshwa humo, unayajua."

Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Yakilingana maji," nikamwambia, "huo mlango wako nitaubeba mimi, kichwani, mpaka korongoni, na huku napiga vigelegele. Kidunda acheke mpaka achoke."

"Na yasipolingana?"

Nilitaka kumwambia habari za foleni, na babu yangu na kata yake, na tawi lililofunika kipimo. Nilitaka kuwataja tena wale watu, mmoja mmoja. Nikaona nikianza tu, atavuta punda aende zake.

"Yasipolingana," nikasema, "kuna mtu ameniuliza mwanawe nitamlaza wapi, na mimi sijui nimjibu nini."

Hamisi hakuuliza ni nani. Aliangalia kibarazani, akamtazama yule Asha mdogo aliyekuwa ametoa mkono nje ya kanga anayakinga matone. Mvua ilikuwa inaongezeka. Akaja mpaka nilipo, akalichukua beseni la mama yake, akalipangusa vumbi kwa kiganja, taratibu, akilifuata ua moja baada ya jingine.

"Twende kabla haijakatika," akasema.